Barua kwa kikundi chetu: mwacheni mgonjwa wa tezi ameze dawa yake

Wanangu wa kikundi,

Shikamoo zenu nimezipokea, na leo sizunguki. Tangu mwenzenu alipoanguka dukani kwake na kukimbizwa hospitali, nimekaa na hasira. Nimeona heri niiandike, maana ningeisema kikaoni mngenipigia makofi, mngesema "asante mama mlezi", kisha mngeendelea na marejesho.

Yule binti ana ugonjwa wa tezi ya thairoidi, hii tezi ya shingoni. Tezi yake imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Alipimwa, akaandikiwa vidonge vya levothairoksini, vya kujazia homoni hiyo, akaanza vizuri. Wiki chache baadaye akaona tumbo liko palepale. Mmoja wenu akamwambia hivyo vidonge ndivyo vinavyomnenepesha, akamuuzia chai ya kupunguza mwili. Kwa mkopo! Deni likakatwa kwenye hisa zake, limeandikwa kwenye daftari letu, nimeliona. Vidonge vikaingia kabatini. Miezi ikapita, sauti ikawa nzito, uso ukavimba, akawa anasinzia wateja wamesimama mbele yake. Kikao cha mwisho nilimshika mkono saa saba mchana, jua kali, mkono wa baridi. Nanyi mnamzunguka mkicheka: "Shoga umenawiri, shemeji anakutunza!"

Sasa nisikilizeni. Homoni ya tezi hii ndiyo inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Ikipungua, kila kitu kinapunguza mwendo: moyo unapiga polepole, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, nywele zinakatika, hedhi inakuwa nzito, baridi haiishi, kichwa kinasahau. Ubongo nao unaongeza kichocheo kiitwacho TSH ili kuisukuma tezi ifanye kazi. Ndiyo maana TSH ikiwa juu na homoni ya tezi yenyewe, T4, ikiwa chini, daktari anajua tezi imechoka. Mara nyingi kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoishambulia tezi, ugonjwa aliouandika daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Wengine huanza baada ya kujifungua, wengine baada ya tezi kukatwa, kama mimi.

Mimi nimezaliwa Njombe. Nimekua nikiona rovu, yaani tezi iliyovimba, shingoni mwa mama zetu, kwa sababu udongo wa milima ile hauna madini joto (ayodini) ya kutosha, na nakumbuka watoto wakigawiwa vidonge vya mafuta ya madini joto, kabla chumvi yenye madini hayo haijafika kila duka. Kwa hiyo sizungumzi mambo ya kusikia. Na asije mtu kuwauzia matone ya madini joto sasa: chumvi ya dukani inatosha, na madini hayo yakizidi yanaweza kuilegeza tezi zaidi.

Kuhusu uzito nitasema ukweli ambao muuza chai hausemi. Tezi peke yake kwa kawaida huongeza kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni chumvi na maji yaliyokwama mwilini. Dawa ikishika, hayo hupungua. Kilo zinazobaki zina sababu zake, maandazi, soda, kukaa siku nzima, usingizi mbovu, na zinashuka kama za mtu mwingine yeyote, taratibu, tena kwa urahisi zaidi tezi ikishatulia. Anayetegemea kidonge kimrudishe kwenye gauni la harusi atakata tamaa na kukiacha. Na hiyo chai? Nyingi zinaharisha tu. Mzani unashuka kwa sababu ya maji, mafuta yako palepale. Nyingine za kupunguza mwili zimekutwa na dawa zilizofichwa ndani, kama sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo. Huo ndio mzigo mliompa mtu ambaye moyo wake tayari ulikuwa unapiga kwa shida.

Hapa nitang'ang'ania: kidonge kinamezwa kwa maji. Maji matupu, tumbo likiwa tupu, asubuhi, kisha unasubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Niliwahi kulala kwa ndugu yangu mmoja Makambako. Asubuhi namwona binti yake mezani: kikombe cha chai ya maziwa, kidonge cha tezi, kidonge cha kuongeza damu alichopewa kliniki, na kalsiamu, vyote kwa mkupuo mmoja. Nikamuuliza, vipimo vinasemaje? TSH iko juu. Daktari kaongeza dozi, bado juu, kaongeza tena. Hakuna aliyemuuliza anamezaje! Madini ya chuma na kalsiamu hukishika kidonge cha tezi tumboni, kisiingie kwenye damu. Vinatakiwa vikae mbali kwa saa 4, na dawa za kiungulia vivyo hivyo. Binti alitenganisha vidonge vyake, dozi ikabidi ishushwe. Msiniambie asubuhi mna haraka. Wekeni kikombe cha maji na kidonge pembeni ya kitanda, mkiamka mmeze, kisha ndipo muwashe jiko.

Na subira. Dawa hii hujijenga mwilini polepole, na kipimo cha kuamua dozi hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Mwenzenu hakupewa hata nafasi hiyo.

Mengine kwa ufupi. Ukishika mimba, nenda kliniki wiki hiyohiyo, dozi huwa inahitaji kuongezwa, na ubongo wa mtoto unaitegemea. Ukijisikia vizuri usiache dawa. Usimgawie jirani anayetaka kukonda, itamwendesha moyo mbio. Vitamini za nywele zenye biotini ziache siku 2 kabla ya kupima. Kabichi na muhogo mnavyoogopeshwa navyo, vikipikwa vizuri, kuleni.

Wewe uliyelazwa, najua barua hii itasomwa kitandani kwako. Mwanangu, ile huzuni uliyonieleza, kulia jikoni bila sababu, kuona kuoga ni kazi kubwa, kuzima simu usisikie mtu, hiyo ni dalili ya ugonjwa kama uso kuvimba ulivyo dalili. Hujawa mvivu. Hukupungukiwa imani. Kwa wengi huinuka tezi ikitibiwa. Ikibaki wakati TSH imekaa sawa, mwambie daktari waziwazi, maana huzuni nayo ina matibabu yake. Na siku yoyote ukiwaza kufa, niite mimi au mtu yeyote aliye karibu, siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Nilipougua mimi, dada yangu alikuja kila jioni na mboga za kuchambua. Hakunihubiria. Tulichambua mchicha, akaondoka, kesho akarudi.

Tumeoza mahali, wanangu. Mwanamke akinenepa anasifiwa kuwa ametunzwa, akichoka anaitwa mvivu, akilia anapelekwa kuombewa majini yatoke. Ombeni, na mimi naomba, lakini maombi hayajamkataza mtu kupima damu. Zahanati nyingi hazina kipimo cha TSH, mama anazungushwa mwaka mzima na vitamini na "ni mawazo tu, pumzika". Kapumzike wapi, na watoto wanne? Halafu tunashangaa akikimbilia chai inayouzwa na rafiki yake.

Mweka hazina, rudisha hela yote ya chai kwenye hisa zake kabla ya Jumamosi, nitakagua daftari. Katibu, andika kwamba hakuna bidhaa ya kukondesha itakayouzwa tena ndani ya kikundi, kwa fedha taslimu wala kwa mkopo. Mfuko wa jamii utalipia nauli na kipimo chake cha wiki 6 zijazo. Na wewe uliyemuuzia, nakujua na sikutaji. Zamu ya kulala naye hospitali wiki hii ni yako. Saa kumi na mbili asubuhi mpe kidonge chake na maji, ukae naye mpaka saa moja, ndipo umletee chai ya kawaida.