Barua kwa Zuhura: ile helikesi ya mtoto wa kliniki

Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na njia ya kwetu imeshageuka mto. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma nikairudia, hasa pale uliponakili majibu ya kipimo cha yule mtoto wa kliniki yenu: hitilafu katika jeni ya ERCC2, helikesi. Umeniuliza helikesi ni mdudu gani, na mama mtu aambiwe nini. La kwanza ndiyo kazi yangu. La pili wewe unalijua kunishinda, ila nitatia neno.

Darasani huwa tunasema helikesi ni kimeng'enya kinachofungua DNA kama zipu, tunapita. Si uongo. Nyuzi mbili za DNA zimesokotana, na hazinakiliki wala hazisomeki mpaka ziachanishwe. Helikesi hushika uzi mmoja, hutumia ATP, yaani nishati ya seli, na husonga huku ikiutenga na mwenzake. Kwenye bakteria wa E. coli kazi hiyo wakati wa kunakili hufanywa na DnaB: protini sita zilizojipanga pete, uzi ukipita katikati, kwa mwendo unaofikia besi (zile herufi za DNA) 1,000 hivi kwa sekunde. Sasa piga hesabu: DNA hujisokota mzunguko mmoja kila baada ya besi kumi na ushee, kwa hiyo mbele ya pete hiyo uzi hulazimika kuzunguka karibu mara 100 kwa sekunde. Usipolegezwa utakaza hadi kila kitu kisimame. Kinachoulegeza ni kimeng'enya kingine, na ndicho hicho cha bakteria kinachozuiwa na sipro, ile antibiotiki mnayowaandikia wagonjwa.

Lakini seli ya binadamu ina helikesi karibu 100, kila moja na shughuli yake, na ya mtoto wenu haihusiki kabisa na huko kunakili. ERCC2 ndiyo jeni ya helikesi iitwayo XPD, iliyomo ndani ya kundi la protini 10 linaloitwa TFIIH, pamoja na helikesi nyingine, XPB.

Mionzi ya urujuanimno ikiipiga ngozi, besi mbili za thimini zilizo jirani kwenye uzi hugandana. Hilo linatupata mimi na wewe kila tunapokwenda sokoni. Protini ya XPC huhisi kwamba uzi umepinda, ikaita TFIIH. XPB husaidia kupanua mwanya, kisha XPD huanza kutambaa juu ya uzi. Ikifika palipogandana, hukwama. Hapo ndipo ninapopapenda mimi: kukwama kwake ndiyo ithibati kwamba uharibifu upo kweli, na upo kwenye uzi huu, si ule wa pili. Protini mbili nyingine, XPF na XPG, hukata huku na huku, kipande cha besi kama 30 hutolewa, pengo likajazwa na kuungwa. Bila ithibati ile, uzi haukatwi.

Kwa mtoto wenu hatua hiyo ndiyo inayokosekana. Ndipo yanapotoka madoa usoni kabla hajatimiza miaka miwili, macho yasiyostahimili mwanga, na ile siku aliyoungua vibaya kwa kuwekwa barazani muda mfupi tu. James Cleaver alionyesha mwaka 1968, huko California, kwamba seli za wagonjwa wa ugonjwa huu, xeroderma pigmentosum au kwa kifupi XP, hazikarabati DNA iliyopigwa na mionzi. Majirani wanaosema ni aina ya ualbino wamekosea: mwenye ualbino amepungukiwa melanini, ile rangi ya ngozi, lakini ukarabati wake ni mzima, na huyu melanini anayo.

Umegusia pia wagonjwa wa Komoro. Ni kweli, kule na Mayotte ugonjwa huu uko kwa wingi usio wa kawaida, ila kwao iliyoharibika mara nyingi ni XPC. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Wa XPC aghalabu haungui kwa ghafla namna ile, na mishipa yake ya fahamu mara nyingi husalimika. Wa XPD inabidi aangaliwe pia masikio, mwendo na maendeleo yake ya kujifunza.

Kuna jambo jingine la ajabu. TFIIH hiyo hiyo hutumika pia kufungua mwanzo wa jeni ili RNA, yaani nakala ya jeni, ianze kutengenezwa. Kwa hiyo hitilafu nyingine katika ERCC2 hiyo hiyo huleta ugonjwa tofauti kabisa: nywele kavu zinazokatika ovyo, ambazo chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa huonyesha mistari ya weusi na weupe kwa kupishana, na wagonjwa hao hawana ile hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Hebu zitazame nywele za mtoto, maana wapo wachache wenye dalili za pande zote mbili.

Helikesi za upande wa RNA nitakuandikia siku nyingine, ni habari ndefu. Kwa sasa ujue tu kwamba virusi vya korona huja na helikesi yao wenyewe, VVU haina na huazima ya kwetu, na huko Japani tangu 2017 kuna dawa ya mkanda wa jeshi, amenamevir, inayoishika helikesi ya kirusi.

Basi mama mwambieni hivi: nguo za mikono mirefu, kofia pana, miwani, mafuta ya jua kila siku hata mawingu yakitanda, na mapazia, kwa sababu kioo cha kawaida hakizuii mionzi yote. Vitamini D apewe kwa mdomo. Ngozi na macho vikaguliwe kila baada ya miezi michache, kivimbe kidogo kisisubiri. Na baba naye awepo mkieleza kwamba jeni imetoka kwa wote wawili, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, asije mama akabebeshwa peke yake. Unawajua watu wetu.

Nijibu kuhusu nywele. Na ile kanga uliyoniahidi bado naingoja.

Wako,
Mwanaidi