Land Rover nzima isikatwe, wala isipakwe rangi ili iuzwe

Mhariri,

Mimi ni fundi wa magari niliyestaafu, naishi Uyole, na hadi leo watu huniita nikawakagulie gari kabla hawajatoa fedha zao. Majuzi niliitwa Katumba, wilayani Rungwe, safari hii na upande wa wauzaji. Mzee wa familia ile, bwana shamba wa zamani, amefariki na kuwaachia wanawe Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, milango miwili mbele na mmoja nyuma. Wanataka kuiuza, na ni haki yao. Kilichonifanya nishike kalamu ni ushauri waliokuwa wanapewa pale uani, maana ushauri huohuo nausikia Makambako, Njombe na Mafinga, na ndio unaotumalizia magari haya.

Nianze na gari lenyewe. Nimelala chini yake na tochi na nyundo ndogo mpaka nikaridhika. Wasiozijua Land Rover hudhani haziozi kwa sababu bodi yake ni aluminiamu. Bodi kweli haishiki kutu, lakini chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma pia. Sehemu nyingi za Rungwe mvua ni kubwa, tope linaganda chini ya gari miezi kwa miezi, kwa hiyo nyingi za kule huanza kuoza nyuma kabisa, kwenye kile chuma cha mwisho kinachobeba ndoano ya kuvutia. Kisha kutu inahamia kwenye vishikio vya springi, kisha kwenye sakafu miguuni pa dereva. Ukigonga chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa, na nyundo inaacha alama. Hii ililia kuanzia mbele hadi nyuma. Nilipata kidonda kimoja tu, kwenye sakafu upande wa abiria, hakizidi kiganja cha mkono, pale ambapo maji huvuja kutoka kwenye kile kidirisha cha hewa chini ya kioo cha mbele.

Haikubaki hivyo kwa bahati. Marehemu alikuwa akiipaka chesisi oili chafu kabla ya masika, akaijengea banda la bati lililo wazi pande mbili ili hewa ipite, na alipoacha kuendesha aliipandisha juu ya mbao ili matairi na springi zipumzike. Injini ni ileile ya petroli ya cc 2,286 iliyotoka nayo kiwandani, na namba yake inalingana na kadi. Namba ya chesisi inasomeka vizuri pale karibu na springi ya mbele, mkono wa kulia. Rangi ni ya awali, ya kijani, imefifia kwenye boneti na kuchubuka kwenye kingo za milango. Na juu ya yote kuna daftari. Ameandika kwa mkono wake kila alipobadilisha oili, kila plagi, kila oili sili ya habu, pamoja na tarehe na kilomita. Mimi nimefanya kazi hii tangu ujana wangu na madaftari ya namna ile sijayaona mengi.

Sasa wasikilize wanunuzi. Wa kwanza alitaka kukata paa, aigeuze pikapu, aing'oe injini na kuweka ya dizeli ya Kijapani. Wa pili hakutazama hata kadi. Aliuliza uzito, akakadiria kwa kilo kama anayenunua bati kuukuu. Halafu dalali, kijana mwenye maneno matamu, akamvuta pembeni mtoto mkubwa wa marehemu akamwambia, "Kaka, msiiuze hivi. Pigeni pati ya kuzibia hapo palipochubuka, pulizieni rangi mpya, viti vivisheni leza. Iking'aa, bei inapanda."

Mtoto yule akanigeukia: "Shikamoo mzee. Wewe unasemaje, tupake?"

Nilimjibu marahaba, na nikamwambia hapana, wasipake hata kidole. Namjibu tena hapa ili wengine wasome. Mnunuzi anayetafuta Land Rover iliyotunzwa anajua anachotafuta. Akikuta rangi mbichi kwenye gari la mwaka 1978 jambo la kwanza atakalojiuliza ni nini kimefichwa chini yake. Pati inaficha, rangi ya chini ya gari inaficha zaidi, na nyundo haisemi kitu mahali palipozibwa. Rangi iliyofifia ya mwenyewe inamwonyesha kwamba gari halijawahi kupinduka wala kugongwa ubavuni. Ukiifuta umefuta ushahidi wako mwenyewe, tena kwa gharama yako. Kile kidonda cha sakafu nimewashauri wakiache wazi na wakitaje. Atakayenunua atakiziba mwenyewe kwa namna aipendayo.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na wenye zile ndefu, za inchi 109, zinazobeba viazi na abiria milimani. Petroli inakula fedha, ile ni kazi, na mtu akiweka injini ya dizeli ili watoto wasome namuunga mkono. Nimewafungia wengi kwa mikono yangu. Lakini gari la kazi lililokwisha kukatwa na kuungwa mara kadhaa si sawa na gari lililofika kwetu zima. Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, basi. Ukiikata iliyo nzima leo, nyingine haitoki kiwandani. Wanaotaka pikapu wanunue zilizokwisha kukatwa, zipo tele.

Kwa anayefikiria kununua, ya Katumba au nyingine yoyote, nina maneno machache ya gereji. Pembeni ya gia kuna kirungu cha njano cha kuingiza ekseli ya mbele, na mkono wenye kichwa chekundu wa kuchagua mwendo wa kawaida au wa taratibu wenye nguvu. Ukibonyeza cha njano, ekseli ya mbele inaingia ukiwa kwenye mwendo wa kawaida. Kuitoa hukivuti kwa nguvu kama nilivyoona wengi wakifanya. Unasimama, unarudisha mkono mwekundu nyuma kabisa, unausukuma tena mbele, na cha njano kinaruka juu chenyewe. Kikigoma, kuna kazi ndani. Na usitembee na fowili, yaani ekseli zote mbili zikivuta, kwenye lami kati ya Uyole na Tukuyu. Gari hili halina difu ya katikati, ile inayoziacha ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo ekseli mbili zinashindana kwenye kona, na unaoumia ni mfumo mzima mpaka kwenye matairi. Fowili ni ya utelezi na tope. Spea zisikutishe: springi, breki, bearingi na mipira yake bado vinatengenezwa na kuagizwa, na vipande vingi vya bodi vimefungwa kwa nati, unafungua kilichoharibika unaweka kingine.

Jambo la karatasi ni zito kuliko watu wanavyodhani. Gari likiwa bado kwa jina la marehemu, familia haiwezi kumhamishia mtu umiliki kwa sababu tu wamekubaliana nyumbani. Lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayesaini. Nimeona watu wakitoa fedha taslimu kwa mtoto mmoja wa marehemu, miezi miwili baadaye anatokea mwingine na kadi mkononi, na gari linaishia kuoza kwenye uwanja wa polisi. Vilevile, injini ikishabadilishwa na kadi ikabaki na namba ya zamani, hapo mnunuzi ananunua kesi. Wa Katumba nimewaambia wasipokee hata shilingi ya kishika uchumba kabla shauri la mirathi halijaisha, nao wamekubali.

Wapo watakaosema huku hakuna mtu wa kununua gari kuukuu kwa bei ya heshima. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, zikajaa barabarani za kila umri, fupi kwa ndefu. Wamo Watanzania wenzetu, wana fedha zao, na wanazitafuta nzima. Kosa letu huku ni kwamba tunatangaza vibaya. Tangazo linasema "Land Rover ipo, bei maelewano, njoo ujionee". Mtu wa Dar es Salaam au Moshi atafungaje safari ya Mbeya kwa maneno hayo?

Ndiyo maana naliomba gazeti lako, Mhariri, kwenye kurasa za matangazo madogo, liwatake wauzaji wa magari ya zamani waandike mwaka, urefu, injini iliyomo kama ndiyo iliyo kwenye kadi, sehemu zenye kutu, na jina la nani limo kwenye kadi. Haijazi mistari sita. Dalali mwenye maneno matamu atalalamika, mwache alalamike.

Na wewe utakayeenda kuitazama ile ya kijani, waombe wenyewe wasiiwashe kabla hujafika. Fika asubuhi, shika injini kwa mkono uhakikishe ni ya baridi, ndipo uwaambie waiwashe mbele yako na utazame moshi wa mwanzo.

Fundi mstaafu,
Uyole, Mbeya