Mdogo wangu, usiende shuleni kuomba radhi

Mdogo wangu,

Jana uliponipigia ulikuwa unanong'ona, nikajua mtoto amelala chumba cha pili na hutaki asikie. Umeitwa shuleni mara ya tatu muhula huu. Ukaniambia, "Nitawaomba tu wamvumilie." Neno hilo limeninyima usingizi. Wamvumilie? Kwani yeye ni maumivu ya jino?

Nenda, lakini usiombe radhi. Na hasira nayo iache nyumbani, maana nakufahamu: machozi yakishakauka, kinachofuata ni hicho.

Nenda na daftari. Kila jioni wiki hii andika unachokiona, si unachokihofia. Mtoto anasimulia hadithi mpaka watu wazima wananyamaza, ila sentensi tatu za kusoma zinamtoa jasho. Akimaliza kunakili mstari mmoja, wenzake wameshafuta ubao. Akiambiwa "funga kitabu, chukua kalamu, njoo hapa", anafunga kitabu na kubaki ameduwaa. Andika hivyo hivyo. Ukimwambia mwalimu "mwanangu ana shida", atakuonea huruma. Ukimwambia "maagizo matatu kwa mpigo yanampotea", kesho asubuhi anaweza kumpa moja moja.

Kwanza apimwe macho na masikio. Wapo watoto walioitwa wazito kumbe hawasikii vizuri. Huko kukiwa salama, omba wataalamu wamchunguze kama ana disleksia. Sitaki kukisia kwa simu, ila ujue kwamba disleksia si upungufu wa akili wala si uvivu. Ni ubongo kupata taabu ya kuunganisha sauti za maneno na herufi zake, na kufokewa hakusaidii kitu. Mara nyingi hutembea katika ukoo. (Unakumbuka nilivyokuwa nakupa barua unisomee, nikisingizia nimesahau miwani? Sijawahi kuwa na miwani.)

Ya kuomba si mengi: akae mbele, apewe maelezo yaliyokwisha kuandikwa badala ya kunakili yote, aongezewe muda kwenye mtihani, na pengine aulizwe kwa mdomo. Lakini liko moja usilolegeza hata kidogo: asisimamishwe ghafla kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Mimi nilisimamishwa. Kicheko cha siku ile ninakisikia mpaka leo, na baada yake nilijifunza kuomba ruhusa ya kwenda msalani kila kitabu kilipokaribia dawati langu. Akiombwa kusoma, apewe kifungu tangu jana yake akizoee nyumbani.

Wakikwambia hayo ni kumpendelea, wajibu kwa upole. Tamko la Salamanca la 1994, ambalo nchi nyingi zililitoa kule Hispania kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lilisema masomo ndiyo yafuate mahitaji ya mtoto, si mtoto alazimishwe kuyafuata masomo. Muda wa ziada haumpi majibu. Unampa nafasi ya kuonyesha anachokijua.

Mwalimu usimfanye adui. Ana darasa zima, wewe unamjua huyu mmoja, kwa hiyo mpelekee unachokijua. Mkikubaliana, yaandikwe, na mpange tarehe ya kukutana tena. Maneno ya mlangoni husahaulika kabla hujafika getini.

Ukitoka, nipigie. Na safari hii usinong'one. Mwite akae karibu, asikie alivyozungumziwa.

Kaka yako