Usanidi wa swichi ya hifadhi haurudishwi kama waraka uliofutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo ambalo makala za teknolojia hulipita kwa sentensi moja. Wasomaji huhimizwa kila mara wahifadhi nakala za data zao, na ushauri huo ni mzuri; lakini ni nadra kuona ukielezwa, kwa lugha yetu, utaratibu wa kurudisha faili la usanidi, yaani lenye mipangilio ya kifaa, kwenye swichi za mtandao wa hifadhi, yaani zile swichi zinazounganisha seva na makabati ya diski kwa teknolojia ya Faiba Chaneli. Wengi, wakiwamo wasimamizi wa seva wenye uzoefu mkubwa, hudhani kazi hiyo haina tofauti na kurudisha waraka uliofutwa: unalichukua faili la zamani, unaliweka mahali pake, kazi imekwisha.

Waraka hauna majirani, swichi inao. Swichi kadhaa zikiunganishwa huunda kile ambacho sisi mafundi tunakiita fabriki, na ndani yake kila swichi hubeba namba yake ya domeni, kati ya 1 na 239, ambayo hairuhusiwi kufanana na ya mwenzake. Namba hiyo ndiyo baiti ya kwanza ya anwani ya biti 24 ambayo kila kifaa hupewa kinapoingia mtandaoni. Kisha kuna zoni, yaani orodha zinazoamua seva ipi ionane na diski zipi, na orodha hizo si mali ya swichi moja, bali ni za fabriki nzima. Kwa hiyo faili ulilolihifadhi lina mambo ya aina mbili yaliyochanganyika: yale yanayoihusu swichi yenyewe, kama namba ya domeni na mipangilio ya milango (matundu ya kuchomekea nyaya), na yale ambayo ilikuwa ikiyashiriki na wenzake siku nakala ilipochukuliwa. Ni haya ya pili yanayoleta balaa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa mafundi walioitwa usiku kubadilisha swichi iliyoungua. Faili la usanidi lilikuwapo, tena limetunzwa vizuri kwenye seva ya nakala, nasi tukalipakia kwenye swichi mpya kwa furaha ya watu waliodhani watalala mapema. Hakuna aliyeuliza lina umri gani. Lilikuwa la miezi minane nyuma, na katika miezi hiyo seva mpya zilikuwa zimeongezwa na zoni kadhaa zimefutwa. Swichi ilipojiunga na wenzake ilikuja na orodha yake ya zoni, wenzake wakawa na yao, na kwa kuwa orodha hizo hazikulingana, milango iliyoziunganisha swichi ikatengwa na fabriki ikagawanyika. Kilichotuokoa ni kwamba mtandao ule ulikuwa na fabriki mbili zisizogusana, kama inavyopasa, na kila seva ilikuwa na njia katika zote mbili. Huduma hazikusimama, tuliosimama ni sisi, mbele ya kabati la swichi, hadi alfajiri.

Dawa yake ilikuwa ndogo mno, na ndiyo inayoniuma mpaka leo. Tungezifuta zoni zote kwenye swichi mpya kabla ya kuiunganisha, kwa sababu swichi isiyo na zoni huipokea orodha ya fabriki inapojiunga. Hakuna sababu ya kuchota kutoka faili la kale kile ambacho majirani wanacho kikiwa kipya. Hali ni nyingine pale swichi inapokuwa peke yake au fabriki nzima inapopotea: hapo faili ndilo pekee lenye orodha, na kila badiliko lililofanywa baada ya tarehe yake litabidi liandikwe upya kwa mkono.

Namba ya domeni, kinyume chake, sharti irudi ileile. Zoni zilizoandikwa kwa kutaja domeni na mlango, badala ya jina la kudumu la kifaa lenye baiti 8, huacha kufanya kazi namba hiyo ikibadilika. Matoleo ya zamani ya HP-UX, mfumo endeshi wa seva wa kampuni ya HP, nayo yalizitambua diski kwa njia iliyotegemea anwani ya mtandao, hivyo kubadilika kwa domeni kulizifanya zionekane kama diski ngeni.

Yapo pia ya kila mtengenezaji. Kwenye swichi za Brocade, upakiaji wa sehemu kubwa ya usanidi hutaka swichi iondolewe kwanza kazini, na mistari ya faili huongezwa juu ya usanidi uliopo, kwa hiyo swichi iliyowahi kutumika kwingine inaweza kubaki na masalia ya huko. Anwani ya IP huwekwa kwa mkono, na leseni iliyofungwa kwa swichi ya zamani haihami na faili. Kwenye swichi za Cisco MDS, faili likinakiliwa moja kwa moja kwenye usanidi unaotumika huchanganyika nao. Anayetaka kuubadilisha wote huliweka kama usanidi wa kuanzia, kisha akaiwasha swichi upya. Kwa zote, toleo la programu ya ndani ya swichi lilingane kwanza na lile lililokuwapo nakala ilipochukuliwa, na kazi ifanywe kwenye fabriki moja hadi njia zote za seva zithibitishwe, ndipo nyingine iguswe.

Ninachowaomba wakuu wa idara za teknolojia wanaosoma gazeti hili ni wasiridhike na ripoti isemayo kuwa nakala zipo. Waulize ni za tarehe gani, zilichukuliwa baada ya badiliko lipi la zoni, na ni lini mara ya mwisho faili mojawapo lilipakiwa kwenye swichi ya akiba likafanya kazi. Waulize pia limehifadhiwa wapi, maana ndani yake mna ramani ya mtandao mzima na mara nyingine maneno ya siri ya usimamizi, ilhali bado wapo mafundi wanaolisafirisha kwa TFTP, njia ya kuhamisha faili isiyodai nywila wala kusimba chochote, wakati swichi hizo hizo zinakubali SCP au SFTP, ambazo hudai uthibitisho na kusimba.

Wako,
Fundi wa mitandao ya hifadhi