Barua kwa Rashid kuhusu kikokotoo cha bei

Ndugu yangu Rashid,

Salaam kwako na kwa wote hapo Mombasa. Umeniuliza kama kikokotoo cha bei cha Amazon, kile cha mtandaoni cha kukadiria gharama za kuhifadhi data kwao, kinaaminika, maana kimekupa dola 94 kwa mwezi kwa kuhifadhi rekodi zote za redio yenu, na mkurugenzi anataka kutia saini. Kinaaminika, ila hujibu kile tu ulichokiuliza, na umekiuliza machache mno.

Kiasi kwanza. Umejaza TB 4 kwa sababu ndivyo diski ilivyoandikwa. Watengenezaji wa diski hupanda kutoka kipimo hadi kipimo (KB, MB, GB, TB) kwa mafungu ya 1,000, Amazon kwa mafungu ya 1,024, hivyo diski hiyo ikijaa ni kama GB 3,725 tu kwa kipimo chao. Chagua GB kwenye kisanduku cha kipimo, ujaze namba hiyo. S3 ni huduma yao ya kuhifadhi faili, na Standard ni daraja lake la kawaida; katika vituo vyao vya Virginia, Marekani, ni dola 0.023 kwa GB kwa mwezi, kwa hiyo utaona karibu 86.

Sasa kuna jambo zito zaidi. Ukurasa wa S3 ndani ya kikokotoo una visanduku vya kuweka tiki, kimoja kwa kila daraja, na kingine kimeandikwa Data Transfer. Usipokitia tiki hicho, gharama ya kutoa data haitokei kabisa kwenye jumla. Kuingiza data kutoka intaneti ni bure. Kuitoa ndiko kunakolipiwa: GB 100 za kwanza kila mwezi hawatozi, kisha Virginia ni dola 0.09 kwa GB. Siku diski yenu ikifa mkataka kurudisha yote kwa mkupuo, ni karibu dola 326. Kutoka vituo vyao vya Cape Town, ambako ni dola 0.154 kwa GB, inafika 558. Kwa ghala la kumbukumbu, kama hamna sharti la kuiweka data Afrika, mimi nisingechagua Cape Town.

Najua utaiona Deep Archive, daraja la S3 la data isiyoguswa mara kwa mara, na moyo utaruka: dola 0.00099 kwa GB, yaani kama 3.69 kwa mwezi kwa kila kitu. Ni daraja zuri kwa nakala ya akiba ambayo hamtarajii kuigusa. Lakini faili ukilifuta siku ya kumi bado utalipia siku 180. Kulirudisha huchukua hadi saa 12 kwa njia ya kawaida, kwa dola 0.02 kwa GB. Njia ya polepole iitwayo Bulk ni 0.0025 tu, ila subiri hadi saa 48. Mtangazaji anayetaka mahojiano ya zamani kwa kipindi cha jioni hatapata.

Tena kila faili 1,000 unazopakia moja kwa moja kwenye daraja hilo ni dola 0.05, na kila faili huongezewa KB 40 za maelezo yake. Mkiwa na vipande 200,000, kupakia tu ni dola 10, karibu kodi ya miezi mitatu ya kuhifadhi. Fungasheni kwa tar, programu ya kukusanya faili nyingi kuwa moja, faili moja kwa kila kipindi kwa kila mwezi, na orodha ya yaliyomo ibaki kwenye Standard. Msifungashe mwaka mzima pamoja, maana kupata dakika tano mtalazimika kurudisha furushi lote.

Kuna gharama ambazo kikokotoo hakiwezi kuzijua. Mtandao ukikatika katikati ya kupakia faili kubwa, vipande vilivyokwisha kufika hubaki, havionekani kwenye orodha ya faili, na vinatozwa. Weka kanuni ya kuvifuta baada ya siku 7. Na mkiwasha utunzaji wa matoleo (versioning), yaani kubakiza nakala ya zamani kila faili linapobadilishwa, kila toleo la zamani hulipiwa kwa ukubwa wake kamili.

Kulinganisha na Microsoft, bei za Azure, huduma yao ya aina hii, zinasomeka bila akaunti kwenye prices.azure.com/api/retail/prices. Majibu huja kwa kurasa. Fuata NextPageLink, kiungo cha ukurasa unaofuata, mpaka iishe, la sivyo utadhani huduma fulani haipo. Soma pia unitOfMeasure, yaani kipimo cha bei: wao huhesabu maombi (kila kupakia au kusoma faili ni ombi) kwa 10,000, Amazon kwa 1,000. Na usivutwe na mstari wa bei ya chini wenye LRS. Hiyo hukaa kwenye kituo kimoja cha data, wakati S3 Standard husambazwa kwenye vituo vilivyotengana; linganisha na ZRS, ambayo nayo husambazwa hivyo.

VAT ya asilimia 16 haimo kwenye makadirio, iongeze mwenyewe, pamoja na kiwango cha dola cha benki yenu.

Ukimaliza, bonyeza Share unitumie kiungo kabla mkurugenzi hajasaini. Jina la redio usiliweke humo, kwa sababu yeyote mwenye kiungo hukifungua. Niandikie pia mna faili ngapi, na kwa mwezi mnarudisha GB ngapi.

Nduguyo,
Hamisi