Barua kwa mwanangu: mgongo wako

Jambiani, Unguja

Mwanangu Zuhura,

Assalam aleikum. Sisi huku hatujambo, baba yako yuko dago, kambini kwa wavuvi, na bahari imetulia. Ama baada ya salamu, nimesikia kwamba huu ni mwaka wa pili mgongo unakusumbua na kwamba diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, unazimeza asubuhi na jioni kama njugu, unazinunua mwenyewe bila kuandikiwa na daktari. Mdogo wako ndiye aliyeniambia. Usimgombeze. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utasema "nishapoa, mama" na maneno yataishia hapo.

Unakumbuka mgongo wangu? Ulikuwa darasa la sita. Mwani ni kazi ya kuinama: maji ya bamvua yakitoka unashuka na vigingi na kamba, unafunga mbegu kwa muda wa saa tatu hata nne, kisha unapanda na gunia la mwani mbichi kichwani, maji yanakutiririka mwilini. Nilifika mahali rukuu ikanishinda. Nikawa nasali juu ya kiti, nami sijatimiza miaka arubaini na tano.

Hapo ndipo nilipomkuta muuza unga wa dawa ya mgongo. Aliniambia ni miti shamba mitupu. Siku ya tatu nilikuwa nateka maji mwenyewe, nikamsifu kijiji kizima, na wanawake wenzangu wakanunua kwa neno langu. Hilo linaniuma mpaka leo. Mwezi wa pili uso ulinifura, presha ikapanda. Daktari akaniuliza nameza nini, nikamwonyesha kikaratasi. Akasema dalili zile ni za steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, na kwamba unga wa namna ile mara nyingine huchanganywa na vidonge vilivyosagwa. Tena akanikataza kuuacha ghafla, akanipunguzia pole pole kwa dawa anayoijua kipimo chake. Kwa hiyo mtu akikuletea dawa ya asili inayotuliza maumivu makubwa kwa siku mbili, shuku kilichomo.

Aliyenifaa ni kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, hospitali ya mjini. Siku ya kwanza sikumpenda. Aliniambia maumivu yakishapita miezi mitatu huwa yanabadilika, nikadhani ananiita mwongo. Akaniuliza, "Mama, wahenga walisemaje kuhusu mtu aliyeumwa na nyoka?" Nikamjibu, akiona unyasi hushtuka. Akasema basi mishipa ya fahamu nayo ndivyo ilivyo: imekaa na maumivu muda mrefu, sasa inapiga kelele hata kwa unyasi. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila si kila mara yanapokuja ndiyo kuna kitu kinachovunjika ndani. Mwanangu, maneno hayo yalinitoa hofu, na mimi hofu ndiyo iliyokuwa imenilaza kitandani.

Akaniamuru nitembee. Dakika kumi pwani, maji yakishakupwa, siku inayouma na siku isiyouma, kiasi kile kile. Kila wiki naongeza kidogo. Kosa langu la zamani lilikuwa hili: nikiamka vizuri nafua, nachanja kuni, nashuka mwanini, yaani kazi za wiki nzima kwa siku moja, kisha nalala siku tatu. Najua na wewe ndivyo ulivyo, umenirithi mimi. Asubuhi kabla ya kushuka kitandani nalala chali, navuta goti moja kifuani kisha la pili, halafu nakunja miguu na kuinua nyonga, mara kumi. Miezi minne ilipita ndipo nikarudi kusujudu juu ya mkeka. Nililia siku ile, wala sikumwambia mtu.

Sasa wewe, na cherehani lako. Kila baada ya nusu saa simama, hata kama mteja amekaa mlangoni anangoja gauni la harusi. Zunguka chumba, nyosha mgongo, rudi. Usiku lala ubavu na utie mto katikati ya magoti. Ule mkanda wa mgongo ulioununua Kariakoo usiutegemee. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu mgongo unaouma kwa muda mrefu, na yule kijana, ambaye sasa ana mvi, alinisomea: mikanda hawaishauri itumike kama kawaida, wanashauri mazoezi na mgonjwa aelezwe hali yake. Aliniambia pia kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Hauko peke yako.

Vya jikoni navitumia, sivikatai. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, robo saa tu, isikae ikakubabua. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi na mkono usio na haraka; mwambie mumeo ajifunze. Pilipili nayo ina kazi: ile inayowasha ndani yake, wanaiita kapsaisini, ikipakwa kila siku huzichosha neva zinazopeleka maumivu. David Julius wa Marekani aliitumia hiyo hiyo kugundua jinsi neva zinavyohisi moto, na mwaka 2021 akawa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Lakini nunua krimu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usitwange pilipili kichaa ukajipaka. Shangazi yako alifanya hivyo, ngozi ikatoka malengelenge. Manjano na tangawizi tia kwenye chakula na chai, vina nafuu ndogo. Vidonge vya manjano usiviguse, vimeshawaumiza watu maini. Na wa hijama, yule wa kuumika, akija na wembe alioutumia kwa mwenzio, mtoe nje.

Diklofenaki nakuomba uende ukazizungumze na daktari wiki hii. Zinatoboa tumbo, zinachosha figo, zinapandisha presha, na kwetu presha tunayo sote tangu kwa bibi yako.

Kuna jambo moja limeninyima usingizi. Mdogo wako alisema ukisimama kutoka kwenye cherehani hushika ukuta. Nijibu kwa kweli: ni maumivu tu, au mguu unakosa nguvu? Mapajani kwa ndani na makalioni unahisi ukijigusa, au pamekufa ganzi? Mkojo unaushika? Ukiona hata kimoja katika hivyo usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo. Na kama umekonda, au una homa za jioni na jasho la usiku, waambie wakupime kifua kikuu, maana huingia hata kwenye uti wa mgongo na dawa yake ipo.

Mafuta ya nazi nimempa kijana wa Bi Mwanajuma, anapanda boti Alhamisi. Nijibu kabla hajafika.

Mama yako