Mwili mzima maana yake mwili mzima

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, na sasa mkubwa ana watoto wake. Sijawahi kukuandikia. Lakini ile taarifa ya wiki iliyopita kuhusu wafanyakazi wanaopeleka ED (vyeti vya daktari vya kupumzika kazi) za "mwili kuuma", ile yenye picha ya viti vitupu, nimeshindwa kuimeza. Mmeuita ugonjwa wa Jumatatu, yaani kisingizio cha kukwepa kazi. Mwandishi wenu amewahoji mabosi watatu, hakumtafuta hata mgonjwa mmoja. Basi mimi hapa.

Ni fundi cherehani. Nina miaka 22 kwenye kazi, na 19 kati ya hiyo nimeifanya katika karakana moja ya sare za shule hapa Dodoma, ambayo siitaji kwa sababu mkate wangu bado unatoka huko. Siku hizi nipo meza ya kukata. Mwili ulianza kuniuma mwaka 2017: kwanza shingo, kisha mabega, halafu nyonga, magoti, mpaka nyayo. Ukiamka unajihisi kama mtu aliyetwanga usiku kucha. Ukiguswa bega kwa salamu tu, unaruka.

Nina madaftari manne ya matibabu, yale ya shule tunayoambiwa tununue kabla ya kuonana na daktari. Juzi baada ya kusoma taarifa yenu niliyatoa sandukuni nikahesabu. Malaria mara 9. Taifodi mara 7. UTI mara 11. Sikatai kwamba mara moja moja nilikuwa naumwa kweli, lakini malaria 9 katika mkoa huu wetu mkavu, ambao malaria yake haifikii hata kidogo ile ya Kigoma au Geita? Na taifodi ile ya kipimo cha Widal, ambacho kinaweza kusema unayo hata kama huna? Nimekunywa mseto, nimechomwa sindano, nimemeza vidonge vya maumivu vya diklofenaki kama karanga mpaka tumbo likaanza kuwaka, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zikizidi zinaumiza figo pia. Ndugu upande wa mume wakasema nimerogwa. Miaka mitano hiyo, Mhariri, na kila asubuhi naenda kazini.

Aliyenielewa ni dada mmoja wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo. Hakunipima damu. Alinipa karatasi yenye mchoro wa mtu, mbele na nyuma, na penseli, akasema, "Mama, paka rangi kila panapouma, na usinionee aibu." Nikaanza shingoni. Nilipoinua penseli, mtu yule alikuwa amebaki mweupe usoni, tumboni na sehemu ya mapaja tu. Akauliza ni muda gani, nikamwambia miaka. Akanieleza kwamba maumivu yakishika kushoto na kulia, juu ya kiuno na chini yake, pamoja na uti wa mgongo, yakapita miezi 3, hiyo ni hali inayojulikana: maumivu sugu ya mwili mzima. Madaktari wa Marekani waliiandikia vigezo tangu mwaka 1990. Tatizo halipo kwenye mfupa wala kwenye damu, ndiyo maana vipimo vinatoka safi. Mfumo wa fahamu wenyewe umeongeza sauti, kinachopaswa kuwa mguso unausikia kama kipigo. Duniani wanaoishi nayo wanakadiriwa kuwa kama mtu 1 katika kila 10, wanawake wakiwa wengi zaidi. Na Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu sugu nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea. Hiyo ni hesabu yao wakubwa. Ya kwangu ni hii: karakana yetu ina mafundi 14. Niliwauliza mmoja mmoja wakati wa chai. Tisa wanaumwa mgongo au shingo. Watatu, mimi nikiwemo, tunaumwa mwili mzima kwa zaidi ya mwaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekosa kazi mwezi uliopita.

Sasa nikueleze kilichonipata Januari ya mwaka juzi, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Tulikuwa na oda ya mashati 300. Nilikuwa sijalala usiku tatu mfululizo, na wenye hali hii wanajua kuwa kichwa nacho kinaingia ukungu: unashika mkasi unasahau ulitaka kukata nini. Mikono ya shati ukiikata, patani lazima uigeuze, huu wa kulia huu wa kushoto. Mwanafunzi wa wiki mbili anajua hilo. Mimi, na miaka yangu yote, niliweka chaki, nikakata, nikakata, nikafunga mafungu, na nilipomaliza nilikuwa na mikono 80 yote ya kushoto. Msimamizi, kijana ambaye kwa umri ni mwanangu, akaitandaza mezani, akawaita wenzangu waje waone. Nilikubali, kosa lilikuwa langu. Kesho yake sikuweza kuinua mkono kujifunga kanga, nikaenda hospitali, daktari akaniandikia ED ya siku 3: maumivu ya mwili mzima. Nilipoipeleka yule kijana akaisoma kwa sauti mbele ya mashine zote. "Mwili mzima? Mpaka kope? Mpaka kucha?" Watu wakacheka, na kati ya waliocheka wawili ninawafahamu, hawalali bila kuchuliwa mgongo. Kitambaa nikakatwa kwenye mshahara kwa miezi miwili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba zile siku 3 za kitandani hazikunisaidia kitu. Siku ya nne sikuweza kukunja ngumi. Dada wa fiziotherapia aliponisikia akasema ningetembea, ningefanya kazi nyepesi, kwa sababu dawa yenye ushahidi kuliko zote kwa hali hii ni kuujongesha mwili kidogo kidogo kila siku, na kulala chali siku tatu ni kuuzidishia ugumu. Kwa hiyo kile cheti mlichokiita kisingizio, Mhariri, sikukitaka hata mimi. Nilikipokea kwa sababu hakuna kingine.

Na hapo ndipo mwandishi wenu alipopita bila kuona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Naishukuru. Lakini zote ni siku za kutokuwepo. Maumivu yangu yanakwenda kwa saa. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi vidole havifunguki. Saa 4 mpaka saa 9 nakata kitambaa kama mtu yeyote, na wengi siwaachi waniguse kwa usafi wa kazi. Baada ya saa 9 naanza kuharibu. Mkinihesabu kwa siku nipo kazini, mahudhurio yangu mazuri, na hasara mnaipata kimya kimya kwenye mikono 80 ya kushoto. Hiyo hasara haina picha ya kiti kitupu.

La maji nalo siwezi kuliacha, kwa kuwa limeingia mwilini mwangu. Mtaani kwetu Nkuhungu maji ya mgao yakija, yanakuja saa 8 usiku. Unaamka, unasikiliza bomba linavyokohoa, unajaza ndoo, madumu, sufuria, unamaliza saa 10, na saa 11 unatakiwa uwe macho tena. Najua mji umekua: sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 na ile ya 2022 ikatukuta 765,179, Serikali imehamia, visima vya Mzakwe vinavyotupa maji si mpira wa kuvutwa. Ila anayeamka kuchota ni mwanamke, na mwaka 1975 huko Kanada daktari Harvey Moldofsky na wenzake walichukua watu wazima wenye afya, wakawa wanawakatiza usingizi mzito usiku baada ya usiku, na watu wale wakaanza kuumwa misuli na viungo bila kubeba kitu chochote. Sisi tunakatizwa usingizi na tunabeba. Wanaopanga ratiba ya mgao waseme kama wanaliweka hili kwenye hesabu zao. Yaje saa 12 jioni, hata kwa saa moja tu.

Ninachotaka ni mambo mawili, na hakuna la gharama. La kwanza, fomu ya ED iongezewe mstari. Kwa ile niliyoandikiwa mimi, zilikuwepo njia mbili tu: uko mzima, au usiende kazini. Uingereza waliibadilisha ya kwao mwaka 2010, daktari akapewa nafasi ya kuandika kwamba mtu huyu anaweza kufanya kazi ikiwa saa zitarekebishwa au kazi ikibadilishwa. Nasi tuandikiwe hivyo: aanze saa 4, asinyanyue robota la kitambaa, kila nusu saa abadilishe mkao. Saa mbili au tatu nilizochelewa nikatwe, au nizifidie Jumamosi, nimekubali kabla sijaulizwa.

La pili, meza za kukata zipandishwe mpaka usawa wa kiwiko cha anayekata. Ya kwangu niliwahi kuiinua mwenyewe kwa matofali mawili chini ya kila mguu. Wiki ile nzima shingo ilinipa nafuu ambayo vidonge havijawahi kunipa. Wakayatoa matofali, wakasema wateja wakiingia wanaona karakana kama banda. Yapo mpaka leo nyuma ya choo, nimeyahesabu, yote manane.

Mwandishi wenu namkaribisha. Asije saa 6 tukiwa tumechangamka. Aje saa 1 kamili asubuhi, asimame mlangoni, atatuona wanawake tumezunguka chupa moja ya chai ambayo hakuna anayeinywa. Tunaishika kwa zamu, kila mmoja viganja viwili, mpaka vidole vikubali kuingia kwenye mkasi.

Fundi wa meza ya kukata,
Nkuhungu, Dodoma